Baden-Powell na Jiwe la Nyeri

Ukifika Nyeri, ingia makaburini pa Kanisa la Mtakatifu Petro. Hapo amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyezaliwa London mwaka 1857.

Nilipolitazama jiwe la kaburi lake nilikumbuka marumaru. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto na kugandamizwa chini ya ardhi mpaka yakageuka. Mlima Kenya, volkano iliyozimika, hauna, huchimbwa Kajiado. Ikiwa safi ni nyeupe pepepe. Ikiingiwa na chuma, udongo au kaboni hupata mishipa ya rangi.

Ndivyo yalivyokuwa maisha ya mzee huyu. Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kambini katika kisiwa cha Brownsea, wana wa matajiri na wa maskini pamoja, na chama kikaenea ulimwenguni. Huo ndio weupe. Lakini Mafeking, Afrika Kusini, mji uliozingirwa na Makaburu siku 217 kati ya 1899 na 1900, Waafrika walipewa posho duni kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa, naye akiwa mkuu wa ngome. Huo ni mshipa mweusi.

Alihamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika nyumba ya Paxtu penye Hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburini pamechorwa duara lenye nukta, alama ya skauti aliyekwenda nyumbani. Mkewe Olave alifariki mwaka 1977, majivu yake yakazikwa hapo hapo.

Mimi nasema, tusiusugue mshipa ule ufutike. Jiwe tulisome lote.