Edward Steere na Kirai Nomino: Kutoka Unguja hadi Madarasa ya Mpanda

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Mpanda anayeanza kidato cha kwanza hufika darasani akiwa na sarufi mbili zinazopatana. Nyumbani huenda anasema Kikonongo, Kipimbwe au Kibende. Katika shule ya msingi amefundishwa kwa Kiswahili. Katika lugha hizo, kwa kawaida nomino hutangulia, na maneno yanayoifafanua huifuata yakibeba alama ya ngeli yake. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, humpindulia mpangilio huo. Aliyezoea kusema vitabu vyangu viwili vikubwa hutakiwa kusema my two big books. Neno kuu limehamia mwisho, na alama ya wingi, iliyojitokeza mara nne, imebaki mara moja tu katika nomino.

Tatizo hilohilo, likitazamwa kutoka upande wa pili, lilimkabili Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Makala haya yanaeleza maisha ya Edward Steere kwa kuzingatia swali moja: aliwezaje kukichambua kirai nomino cha Kiswahili kwa kanuni za Kiswahili chenyewe? Tunadai kwamba alifaulu pale alipoziacha kategoria za sarufi ya Ulaya, na alikwama pale zilipomrudia.

2.0 Malezi na Safari ya Afrika

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria katika University College, akapata udaktari wa fani hiyo mwaka 1850, kisha akaiacha kazi ya uwakili na kuingia katika utumishi wa Kanisa la Anglikana. Alipokuwa kasisi huko Lincolnshire, rafiki yake William Tozer aliteuliwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Steere alifuatana naye. Kituo cha kwanza katika bonde la mto Shire hakikudumu, na mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja.

Huko Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokombolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Shule ya misheni ilianza na watoto hao. Kwa hiyo Steere hakujifunza Kiswahili kwa udadisi wa kitaaluma tu. Alihitaji lugha ya kufundishia. Alianzisha pia kazi ya uchapaji, na vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi.

Ieleweke kwamba hakuanza pasipo na kitu. Johann Ludwig Krapf alikuwa amechapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850, akitegemea zaidi lahaja ya Mombasa. Lakini ushahidi ambao Steere aliutegemea zaidi ulikuwa vinywani mwa Waunguja. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa aliyepata kuwa kadhi wa Unguja. Hadithi alizozikusanya kutoka kwa wasimulizi wa Unguja zilichapishwa mwaka 1870, mwaka uleule ilipotoka sarufi yake. Kwa hiyo sarufi hiyo ni matunda ya masikio ya Steere na vilevile ya umilisi wa wenyeji waliomsahihisha.

3.0 Kirai Nomino katika Sarufi ya 1870

Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya msomaji aliyezoea Kiingereza. Ilimbidi mwandishi amwambie kwanza asichokipata: Kiswahili hakina vibainishi vinavyolingana na a na the, wala hakina jinsia ya kike na ya kiume katika nomino. Badala yake Steere aliweka ngeli katikati ya maelezo yake. Nomino ndiyo inayotawala. Kivumishi, kimilikishi, kioneshi na kihusishi -a huitii.

Alitambua pia kwamba umbo peke yake halitoshi. Nomino inayotaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza hata kama kiambishi chake ni cha ngeli nyingine. Ndiyo maana twasema kipofu huyu na simba mkubwa. Hapo maana huingilia kati na kuliamuru umbo.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi nomino zinapofuatana. Kiingereza husema mission school teacher bila kiunganishi chochote, na msikilizaji hulijua neno kuu mwishoni. Kiswahili husema mwalimu wa shule ya misheni: neno kuu hutajwa kwanza, na kila -a huonyesha nomino inayoitumikia. Mfasiri kama Steere hana budi kukisoma kirai cha Kiingereza kuanzia mwisho wake.

4.0 Mipaka ya Uchambuzi Wake

Steere aligawa nomino katika ngeli nane, akihesabu umoja na wingi kuwa ngeli moja. Wilhelm Bleek, ambaye sarufi linganishi yake ilianza kutoka mwaka 1862, alihesabu kila kiambishi peke yake, na baadaye Carl Meinhof aliiendeleza njia hiyo. Mpango wa Steere ulimfaa mwanafunzi, bali uliuficha ulinganisho na lugha nyingine za Kibantu. Aidha, alikiita kiambishi -ni cha nyumbani uhusika, kama afanyavyo mwanasarufi wa Kilatini, ingawa aliona wazi kwamba kirai hicho huleta upatanisho wa aina tatu: nyumbani mwangu, nyumbani kwangu, nyumbani pangu. Data alikuwa nayo. Istilahi ndiyo iliyomfunga.

5.0 Uaskofu na Mauti

Steere alikuwa Uingereza kuanzia mwaka 1868, akarejea Unguja mwaka 1872. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na katika sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pake, Mkunazini. Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka 1876 aliongoza msafara wa watumwa waliokombolewa ulioanzisha makazi ya Masasi. Pamoja na shughuli hizo alichapisha mikusanyo ya awali ya Kishambaa, Kiyao, Kimakonde na Kinyamwezi cha Unyanyembe. Mkusanyo huu wa mwisho unaihusu Katavi kwa karibu, kwani Kikonongo kina udugu mkubwa na Kinyamwezi.

Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga. A. C. Madan aliirekebisha na kuiendeleza kazi yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kiswahili hicho ndicho kilichofika katika madarasa ya Mpanda.

6.0 Hitimisho

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini suala la lugha katika madarasa yake ni la zamani zaidi. Mwanafunzi aandikapo book my hajakosa sarufi. Ametii sarufi anayoijua. Mwalimu anayemkata alama bila kumwonyesha tofauti ya mipangilio anamwachia mzigo ambao Steere aliupunguzia wasomaji wake kwa kitabu kizima. Steere alieleza kirai nomino cha Kiswahili kwa wale waliokijua cha Kiingereza. Wanafunzi wa Mpanda wanahitaji sarufi inayokwenda upande wa pili: inayoanzia kwenye ngeli na upatanisho wanaoujua, kisha iwaeleze ni wapi Kiingereza kinahamisha neno kuu, ni wapi kinaacha upatanisho, na ni kwa nini kinadai vibainishi ambavyo lugha zao hazina. Hiyo ni kazi ya wanaisimu waliopo sasa, wakishirikiana na walimu wanaozijua lugha za Katavi.