Amir Jamal: Mtu wa Biashara Aliyeingia Kwenye Kodi

Sisi wa uhasibu tunaambiwa kila siku hapa chuoni kwamba sheria ya kodi ina wenyewe, watu wa sheria. Mimi nawajibu kwa jina moja: Amir Habib Jamal.

Alizaliwa Mwanza mwaka 1922, familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Chuo Kikuu cha Calcutta alisoma biashara, siyo sheria. Akarudi kwenye biashara ya nyumbani, na mwaka 1958 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Mwaka 1965 Mwalimu akampa Wizara ya Fedha, akaishika kwa vipindi tofauti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwaka wangu ni 1969. Serikali ilifuta kodi ya kichwa, ikaleta kodi ya mauzo. Kwa mtoto wa Sumbawanga hilo siyo swali la mtihani tu. Enzi za Waingereza Ufipa ulikuwa na mahindi, maharage na ulezi, ila soko lilikuwa mbali na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Basi wanaume wakaondoka, wengine mpaka Tanga kukata mkonge, manamba. Mtu anadaiwa kwa kuwa tu ni mwanamume mzima na yu hai, jamani! Kodi ya mauzo ilitozwa kiwandani na kwenye bidhaa zinazoingia nchini. Anayekula ugali wa shamba lake haguswi mpaka aende dukani. (Nina ugomvi nayo kidogo: dukani maskini na tajiri hulipa sawa.) Kuamua mzigo umwangukie nani kunataka mtu anayejua mauzo yanavyoandikwa daftarini.

Kodi ya kichwa ilirudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena 2003. Mzee Jamal hakuiona siku hiyo. Alifariki Vancouver, Kanada, mwaka 1995.

Sasa sisi ambao bumu linakata wiki ya tatu, shahada nyingine ya kutwa tutailipia na nini? Mwenye CPA anaweza kuomba usajili wa mshauri wa kodi TRA na kuwaandikia walipakodi mapingamizi. Chuo cha Kodi kipo Dar. Chuo Kikuu Huria kina kituo Sumbawanga, unasoma sheria huku unafanya kazi. Ukitaka uwakili, hapo lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mimi naanza na CPA, kisha narudi nyumbani. Wanunuzi wa mahindi kule wanapelekewa barua za makadirio, na wanahitaji mtu wa kuwasomea kabla siku za pingamizi hazijaisha.