Idi Amin: Bingwa wa ngumi aliyemtaka Nyerere ulingoni

Ukikaa vijiweni Kawajense, ubishi huu hauishi: Idi Amin alikuwa bondia kweli, au alichagua wa kuwapiga? Ngumi alizijua. Akiwa askari wa KAR, alishika ubingwa wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960.

Aibu ni ya 1978. Baada ya kuvamia Kagera, akataka ugomvi umalizwe ulingoni, yeye na Mwalimu Nyerere, Muhammad Ali awe refa. Pande la mtu lile linamtaka Mwalimu, mwembamba, miaka 56! Mbona hakuchagua saizi yake?

Mwalimu alimpelekea JWTZ. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, bingwa alishatimka. Akaenda Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah 2003.