Archibald Barr: Profesa aliyewapimia wapiga mizinga masafa

MPIGA mzinga anayekadiria umbali kwa macho tu huhatarisha maisha yake. Akikosea, kombora huanguka mbele au nyuma ya shabaha, na adui hupata nafasi ya kujibu. Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha Profesa Archibald Barr kwa miaka mingi.

Barr alizaliwa mwaka wa 1855 karibu na mji wa Paisley, Scotland. Alianza kama mwanagenzi wa uhandisi, kisha akasomea Chuo Kikuu cha Glasgow. Alipokuwa profesa mjini Leeds, alishirikiana na mwanafizikia William Stroud. Mnamo 1888 waliona tangazo la jeshi la Uingereza lililohitaji kifaa cha kupima masafa. Walikiunda, lakini kikashindwa katika majaribio.

Hawakufa moyo. Mwaka wa 1892 kifaa chao kipya kilifaulu katika meli ya kivita. Kilikuwa bomba refu lililopokea mwanga katika ncha zote mbili. Mtazamaji aliona taswira mbili za shabaha moja, akazisogeza hadi zikalingana, kisha akasoma umbali.

Barr aliaga dunia mwaka wa 1931. Miongo mitatu baadaye, vifaru vya Marekani aina ya M60 vilipima masafa kwa kanuni iyo hiyo, nayo kampuni aliyoanzisha na Stroud ikaunda kipimo cha leza cha kifaru cha Uingereza, Chieftain. Aliyeshindwa jaribio la kwanza ndiye aliyewafunza wapiga mizinga kupima kabla ya kufyatua.