Dian Fossey: Alifukuzwa Kabara, akaanza upya ng'ambo ya mlima

Kaskazini mwa Goma, chini ya mlima Mikeno, ndipo Dian Fossey alipoanza kazi iliyompa jina duniani. Miezi sita baadaye aliipoteza.

Mmarekani huyo, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1932, alitaka kuwa daktari wa wanyama, lakini fizikia na kemia zilimshinda. Akageukia kazi ya kuhudumia watoto wenye ulemavu. Mwaka 1963 alikopa fedha, akaja Afrika na kuwaona sokwe wa milimani.

Januari 1967, kwa msaada wa mtafiti Louis Leakey wa Kenya, alipiga kambi Kabara. Huko alijifunza kufuata nyayo na kuiga milio ya sokwe ili wasimkimbie. Julai, Kongo ikiwa katika machafuko, askari walimshusha mlimani na kumzuilia Rumangabo. Alitorokea Uganda.

Hakukata tamaa. Tarehe 24 Septemba mwaka huohuo alifungua kituo cha Karisoke upande wa Rwanda, akitumia ujuzi wa Kabara. Baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa shahada ya uzamivu.

Pigo lingine lilikuja Desemba 1977, majangili walipomuua Digit, sokwe aliyempenda sana. Kutokana na kifo hicho alianzisha mfuko wa kuwalinda waliobaki.

Fossey aliuawa kambini mwake Desemba 1985. Leo sokwe wa milimani wamepita 1,000, na baadhi yao bado wanaishi Mikeno, mlima aliofukuzwa.