Padre Gregor Mendel na chavua ya njegere



Kama ulisoma baiolojia sekondari, jina la Mendel unalijua. Labda hukuambiwa kwamba alikuwa padre. Alizaliwa 1822 katika familia ya wakulima, kijiji cha Heinzendorf, leo Jamhuri ya Czech. Mwaka 1843 akaingia utawani kwa Waagustino wa Brno, na 1847 akapewa daraja la upadre. Mtihani wa leseni ya ualimu alifeli 1850, akarudi tena 1856, wapi! (Sisi wa seminari tunaelewa.)

Mwaka huohuo wa 1856 alianza majaribio ya njegere bustanini. Shida ni kwamba ua la njegere hujichavusha lenyewe, tena kabla halijachanua. Kwa hiyo ilibidi aliwahi: anafungua tumba changa, anatoa stameni zote kwa kibano kabla hazijamwaga chavua, halafu anapaka chavua ya mmea mwingine. Ua baada ya ua, miaka minane, mimea kama 28,000! Akichanganya mbegu za njano na za kijani, watoto wote walitoka njano. Lakini kwa wajukuu kijani ikarudi, kama moja kwa kila tatu za njano. Yaani haikupotea, ilijificha tu.

Alisoma matokeo yake mbele ya watu 1865, yakachapishwa 1866. Karibu hakuna aliyejali.

Basi akamwandikia profesa Nägeli wa Munich, ambaye yeye alipenda zaidi mmea uitwao Hieracium. Mendel akaushika huo. Maua yake ni madogo mno. Kwa lenzi na kioo akayachosha macho hadi 1869 akalazimika kupumzika kwa miezi. Na matokeo yakakataa kufanana na ya njegere. Sababu ilijulikana yeye akiwa kaburini: Hieracium mara nyingi hutoa mbegu bila chavua kabisa. Hapa huwa namwonea huruma kweli.

Tangu 1868 alikuwa abate, na nguvu nyingi zikaishia kubishana na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki tarehe 6 Januari 1884, siku ya Tokeo la Bwana. Mwaka 1900 wanasayansi watatu, kila mmoja kwao, walifikia alipofika yeye, wakakuta andiko lake. Mmoja, Carl Correns, alikuwa mwanafunzi wa Nägeli.