Franco Luambo Makiadi: mchawi wa gitaa ambaye santuri zake zilivuka mto Rusizi

Kutoka Kamembe, makao ya wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda, barabara hutelemka hadi Cyangugu, ukingoni mwa ziwa Kivu, na ng'ambo ya maji huonekana mji wa Bukavu. Kati ya miji hiyo hupita mto Rusizi, unaotoka ziwani kuelekea Tanganyika. Kiswahili kimevuka mto huo miaka mingi pamoja na samaki, vitenge na mazao ya shamba, na muziki umevuka nacho. Miongoni mwa majina yaliyovuka na kubaki ni la François Luambo Makiadi, aliyejulikana kote kwa jina la Franco, kiongozi wa okestra ya OK Jazz ya Kinshasa. Amefariki tangu mwaka 1989, lakini wapenzi wa nyimbo za kale, ambazo Wanyarwanda huziita karahanyuze, wangali wakizitunza santuri zake, wakizisikiliza na kubishana juu yake kana kwamba zimetoka jana.

Ubishi huo una sababu. Franco alikuwa mtu wa pande mbili, mithili ya santuri zenyewe. Aliimba shida za watu wa kawaida, na aliimba sifa za mtawala. Alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake, na kwa ajili ya nyimbo zake alitunukiwa nishani. Anayetaka kumjua hana budi kugeuza santuri na kusikiliza upande wa pili.

Mtoto wa muuza maandazi

Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 katika kijiji cha Sona-Bata, magharibi mwa Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na familia ikahamia Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. Baba alifariki Franco akiwa bado mtoto, na mzigo wa malezi ukamwangukia mama, aliyekuwa akiuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri. Kijana hakupata elimu ndefu ya shule. Alijitengenezea gitaa la kopo na nyaya, akawa analipiga karibu na meza ya mama yake ili kuwavuta wateja. Hapo alijifunza jambo ambalo hakulisahau maishani: mpita njia husimama anaposikia habari inayomhusu.

Jirani yake, mpiga gitaa Paul Ebengo, maarufu kwa jina la Dewayon, ndiye aliyemfundisha kupiga gitaa la kweli. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 15 tu, Franco aliingia katika studio ya Loningisa, iliyomilikiwa na wafanyabiashara wa Kigiriki, akaanza kurekodi. Hapo alimkuta Henri Bowane, mwanamuziki aliyekwisha kupata jina, ambaye ndiye aliyempa lakabu ya Franco.

Mwezi Juni 1956, yeye na wenzake, wakiwemo mwimbaji Vicky Longomba na mpiga saksafoni Jean-Serge Essous, walianzisha okestra iliyochukua jina lake kutoka ukumbi waliokuwa wakipigia, OK Bar. Wakati huo mji ulikuwa umegawanyika katika shule mbili za muziki. Upande mmoja ulikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele, yenye sauti laini na mpangilio wa kistaarabu. Upande wa pili ulikuwa na OK Jazz, ambayo mtindo wake uliitwa odemba: mzito, wenye kurudiarudia, wenye asili ya ngoma za kijijini. Franco alizikwanyua nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, akitoa noti mbili kwa pamoja, na gitaa lake likasikika kama watu wawili wanaozungumza. Mashabiki wakamwita mchawi wa gitaa.

Santuri yenye pande mbili

Ili kuelewa mapenzi ya mashabiki kwa santuri za OK Jazz, ni vyema kukumbuka jinsi chombo chenyewe kilivyofanya kazi. Santuri ndogo, iliyozunguka mara 45 kwa dakika, ilibeba dakika chache tu kila upande. Wanamuziki wa Kongo waliugeuza upungufu huo kuwa utaratibu. Mara nyingi upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: kisa kilisimuliwa polepole, kwa sauti kadhaa zilizopangwa pamoja. Mwenye nyumba aliinuka, akaigeuza santuri, na upande wa pili ukafungua sebene, ambapo magitaa yalishika hatamu na watu wakaingia kucheza.

Baadaye ilienea santuri kubwa, ambayo upande mmoja ungeweza kubeba dakika 20 au zaidi. Ulaya nako bendi za muziki wa roki zilikuwa zikifanya jambo linalofanana: mwaka 1971 kundi la Pink Floyd la Uingereza lilijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja. Franco alifika mahali hapo kwa njia yake. Hakuhitaji muda mrefu kwa ajili ya majaribio ya sauti. Aliuhitaji kwa ajili ya kesi. Wimbo wake ulikuwa baraza: mlalamikaji alisema, mlalamikiwa akajibu, majirani wakaingilia kati, na mwishoni msikilizaji akaachiwa hukumu.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. OK Jazz, ambayo baadaye ilipanua jina na kuwa TPOK Jazz, ilikuwa chuo kikubwa. Verckys Kiamuangana alipitia humo, na kadhalika Sam Mangwana, Ndombe Opetum, Josky Kiambukuta na Madilu System. Simaro Lutumba, aliyejiunga mwaka 1961, alitunga nyimbo zilizopendwa kwa falsafa yake. Wimbo wake Mabele wa mwaka 1974, ulioimbwa na Mangwana, bado unatajwa na wapenzi wengi kuwa kilele cha okestra hiyo.

Santuri hizo zilienea Afrika Mashariki kwa njia nyingi, kwani nyingine zilichapishwa Nairobi. Katika eneo la Maziwa Makuu, redio ya Zaire ilizisambaza bila kuuliza pasipoti. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya yao ya kiuchumi, CEPGL, iliyolenga kurahisisha mwendo wa watu na bidhaa kati ya nchi hizo tatu. Lingala haikuwa lugha ya nyumbani Cyangugu wala Bukavu. Ilikuwa lugha ya jeshi la Zaire na ya muziki. Ndiyo maana aliyeielewa alipata heshima ya pekee mbele ya radio au gramafoni: ndiye aliyewafasiria wenzake kisa kwa Kiswahili kabla sebene haijaanza. Okestra za Rwanda zenyewe, kama vile Impala, zilijenga nyimbo zao za Kinyarwanda juu ya magitaa ya rumba hiyo hiyo.

Kati ya ikulu na gereza

Uhusiano wa Franco na utawala ndio unaoleta mabishano makali zaidi. Tarehe 2 Juni 1966, miezi michache baada ya Mobutu kutwaa madaraka, wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba, walinyongwa hadharani mbele ya umati mkubwa. Baada ya tukio hilo Franco alitoa wimbo kuhusu mchawi anayeangamiza watu wa ukoo wake mwenyewe. Hakutaja jina la kiongozi yeyote, lakini wasikilizaji walielewa. Wimbo ulipigwa marufuku, na Franco akavuka mto Kongo kwenda Brazzaville hadi mambo yalipotulia.

Miaka michache baadaye hali ilibadilika. Mobutu alipotangaza siasa ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika, Franco alikuwa miongoni mwa sauti zake kubwa. Aliacha jina la François na kuchukua la L'Okanga La Ndju Pene Luambo Makiadi. Alikabidhiwa uongozi wa MAZADIS, kiwanda cha kuchapisha santuri, na hivyo akawa na mamlaka juu ya kazi za washindani wake pia. Alijenga jumba lake la muziki, Un-Deux-Trois, katika mtaa wa Matonge. Mwaka 1984, katika uchaguzi uliokuwa na mgombea mmoja, alitoa santuri nzima ya kumpigia debe Mobutu.

Hata hivyo ukaribu huo haukuwa kinga. Mwaka 1978 Franco alitoa nyimbo mbili, Hélène na Jacky, ambazo lugha yake ilikuwa chafu kiasi kwamba ziliuzwa katika kanda tu. Alikamatwa pamoja na wanamuziki wake kadhaa, akahukumiwa kifungo na kunyang'anywa nishani ya taifa. Aliachiwa kabla ya kumaliza adhabu, na baada ya muda mfupi alirudishiwa heshima na kutambuliwa rasmi kama mwalimu mkuu wa muziki wa nchi hiyo.

Wapo mashabiki wanaosema kwamba katika nchi ya chama kimoja, mwenye okestra ya watu wengi hakuwa na namna nyingine ya kuwalisha. Wapo wanaojibu kwamba alipata utajiri wakati wale aliowaimba wakizidi kuwa maskini. Hoja zote mbili zina ushahidi katika santuri zake, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Miaka ya nyimbo ndefu

Miaka ya 1980 Franco alifanya kazi nyingi Ulaya, hasa Brussels na Paris. Mwaka 1983 aliwashangaza mashabiki kwa kurekodi pamoja na Tabu Ley Rochereau, mpinzani wake wa miaka mingi. Mwaka huo huo aliipeleka okestra yake Marekani kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1985 ulitoka wimbo Mario, ambao huenda ndio unaojulikana zaidi Afrika Mashariki. Kwa dakika zipatazo 14, mwanamke mwenye mali anamlalamikia kijana msomi anayeishi kwa jasho lake na hataki kutafuta kazi. Franco anasema zaidi ya kuimba, huku sauti ya Madilu ikipanda na kushuka kando yake. Jina la Mario likawa neno la kawaida la kumtaja kijana wa aina hiyo, hata kwa watu wasiojua Lingala.

Miaka miwili baadaye alitoa kazi nzito kuliko zote. Ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeanza kuua watu katika nchi za Maziwa Makuu, na wengi walipendelea kuuzungumza kwa minong'ono. Mwaka 1987 Franco alirekodi wimbo Attention na Sida, kwa Lingala na Kifaransa, unaozidi dakika 15. Hakuwacheka wagonjwa. Aliwataja makundi kwa makundi: vijana, wazazi, walimu, madaktari, viongozi wa dini na wa serikali, kila mmoja akikumbushwa wajibu wake. Aliyesifiwa kwa miaka mingi kwa nyimbo za mapenzi na ugomvi wa nyumbani sasa alizungumza kama mzee aliyeitisha kikao cha ukoo.

Muda si mrefu mwili wake mwenyewe ulianza kukonda. Uvumi ulimwandama, naye akaukana. Mwezi Septemba 1989 alipanda jukwaani Amsterdam akiwa dhaifu mno, asiweze kupiga ila kwa muda mfupi. Tarehe 12 Oktoba 1989 alifariki hospitalini Namur, nchini Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Mwili ulirejeshwa Kinshasa, serikali ikatangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na redio ikapiga nyimbo zake mfululizo.

Kilichobaki

Okestra haikudumu sana bila yeye. Baada ya kutoelewana na familia ya marehemu, Simaro na wenzake waliondoka na kuunda Bana OK. Madilu alifariki mwaka 2007, na Simaro mwaka 2019. Mwezi Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, heshima ambayo waasisi wengi wa muziki huo hawakuishi kuiona.

Kwa watu wa Rusizi na wa Bukavu, miaka iliyofuata kifo cha Franco ilikuwa ya mauaji ya kimbari, vita, ukimbizi na mpaka uliofungwa na kufunguliwa mara nyingi. Nyumba nyingi zilipoteza watu, na pamoja nao vitu vyao, santuri zikiwemo. Nyimbo nyingi zimerudi kwa njia nyingine: kutoka santuri hadi kanda, kutoka kanda hadi diski, na sasa ndani ya simu za mkononi.

Simu hurahisisha mambo, lakini humruhusu kijana kuruka maneno na kwenda moja kwa moja kwenye sebene. Hapo ndipo wapenzi wa zamani hupinga. Wao hutaka wimbo uanze mwanzo, mwanamke atoe malalamiko yake yote dhidi ya Mario, daktari na mwalimu wakumbushwe wajibu wao, na yule ajuaye Lingala afasiri kwa Kiswahili. Ngoma ya magitaa itafika kwa wakati wake. Na itakapofika, atakayecheza atakuwa anajua ni kesi gani imesikilizwa, na bado atakuwa na la kubishana na jirani yake.